UZI: Richard wa Pili wa Uingereza, mfalme aliyeponzwa na mirathi ya mtu mwingine

#1 Nahodha Mchovu (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Kuna mdau aliniuliza kwenye uzi mwingine, kati ya wafalme wa zamani wa Uingereza ni yupi aliyevuliwa taji na watu wake mwenyewe. Nikamwahidi Richard wa Pili. Deni nalilipa leo, ila sishushi yote kwa mpigo maana naandikia simu na umeme hapa unakatika kila baada ya dakika mbili. Mnivumilie.

Niweke msimamo wangu mezani mapema ili wabishi mjipange. Huyu bwana alizingirwa na maelfu ya wakulima wenye hasira akiwa na miaka 14, akatoka salama. Alinyang'anywa madaraka na makabaila akiwa na miaka 20, akayarudisha. Kilichokuja kummaliza ni mirathi. Aligusa urithi wa binamu yake, na kila mwenye shamba nchi nzima akajiuliza: ikiwa mtoto wa tajiri namba moja anadhulumiwa mchana kweupe, mimi na ekari zangu tatu ni nani?

Tuanze utotoni. Richard alizaliwa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, tarehe 6 Januari 1367. Eneo lile wakati huo lilikuwa mikononi mwa Waingereza. Baba yake ni Edward, yule aliyekuja kuitwa Mwanamfalme Mweusi, simba wa vita aliyemkamata mfalme wa Ufaransa pale Poitiers mwaka 1356. Baba akaugua miaka na miaka, akafa 1376 bila kukalia kiti. Kaka mkubwa wa Richard naye alishafariki angali mdogo. Mwaka uliofuata babu, Edward wa Tatu, akafa baada ya kutawala miaka 50. Taji likashuka kwa mtoto wa miaka 10.

Siku ya kutawazwa, 16 Julai 1377, ibada ilikuwa ndefu na mavazi mazito, mtoto akachoka hoi. Mlezi wake, Sir Simon Burley, akambeba mabegani kumtoa Westminster Abbey. Kwenye msongamano kiatu kimoja kati ya vile vilivyobarikiwa kikamvuka, kikapotelea kwenye umati. Hilo jina la Burley lishikeni, tutalirudia na halitarudi kwa furaha.

Narudi.

#2 Chaupele

Tiririka mkuu, nimeshakaa mkao wa kula.

#3 Mama Vitumbua

Mtoto wa darasa la nne anapewa nchi! Nani alikuwa anamshikia?

#4 Nahodha Mchovu

Mama Vitumbua, baraza la wakubwa. Na nyuma ya baraza alikuwepo baba yake mdogo, John wa Gaunt, Duke wa Lancaster, mtu tajiri kuliko wote nchini ukimtoa mfalme. Wananchi walimchukia huyo mzee, lakini kwa mpwa wake alikuwa mwaminifu hadi mwisho. Huyu naye mshikeni. Mirathi ninayoisema ni yake.

Sasa pesa. Vita na Ufaransa vilikuwa vinakula hazina, na havikuwa na ushindi tena kama enzi za babu. Bunge likabuni kodi ya kichwa. Ya kwanza ilikuwa 1377: peni 4 kila mtu aliyevuka miaka 14, tajiri sawa na maskini. Wakalipa watu kama milioni 1 na laki 3 na nusu. Ya pili, 1379, walau walipanga viwango kwa hadhi ya mtu. Ya tatu, iliyopitishwa mwishoni mwa 1380, ndiyo iliyowasha moto: peni 12 kwa kichwa. Kwa kibarua wa kijijini hizo ni siku kadhaa za jasho, na kwa mwenye mke na binti watatu ni balaa.

Kumbukeni pia tauni ya 1348 na 1349 ilishaua kati ya theluthi na nusu ya watu. Vibarua wakawa adimu, wakaanza kudai malipo ya maana. Wakubwa wakatunga sheria mwaka 1351 ya kuwazuia kulipwa zaidi ya viwango vya kabla ya tauni. Na wengi bado walikuwa watwana, yaani mtu amefungwa kwenye ardhi ya bwana, haondoki na haozeshi binti bila kibali na malipo. Kibanda kilishajaa petroli. Kodi ya kichwa ikawa njiti ya kiberiti.

Kioja ni hiki. Madaftari ya kodi ya tatu yaliporudi, walipa kodi walikuwa hawafiki laki 9. Ndani ya miaka minne watu zaidi ya laki 4 wametoweka kwenye karatasi, na hakukuwa na tauni kubwa wala njaa ya kueleza hilo.

#5 Karani Mstaafu

Kijana, mimi wala sihitaji maelezo walikwenda wapi. Nimeshuhudia kodi ya kichwa kwetu kabla haijafutwa. Mgambo wakionekana njiapanda, kijiji kizima kinabaki na bibi vikongwe na kuku. Wanaume wote "wamesafiri". Baba yangu alikuwa analala kwenye mihogo siku tatu, mama anampelekea uji kwenye ndoo ya maji ili majirani wasishtuke.

#6 Nahodha Mchovu

Mzee Karani, shikamoo. Umemaliza mada. Tofauti ya kule ni kwamba waliotoweka zaidi walikuwa wanawake: mabinti ambao hawajaolewa, dada wajane, mama wakwe. Karani akiuliza nyumbani mko wangapi, jibu ni mimi na mke wangu basi.

Serikali ikatuma watu wa kuhakiki. Mwisho wa Mei 1381 wakaitisha vijiji pale Brentwood, Essex. Watu wa Fobbing, kijiji cha wavuvi na wakulima, wakasema tumeshalipa, risiti tunayo, hatutoi hata peni. Wakatishiwa kukamatwa, wakamtimua mhakiki na askari wake. Moto ukaruka hadi Kent. Huko wakapata kiongozi, Wat Tyler, na mhubiri, padre John Ball, aliyekuwa ametiwa ndani mara kadhaa kwa mahubiri yake. Swali lake linajulikana hadi leo: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, kabaila alikuwa nani?

Tarehe 13 Juni, Sikukuu ya Ekaristi, wakaingia London. Waliotoka Essex walipitia lango la Aldgate, na juu ya lango hilo ndipo alipokuwa amepanga mshairi Geoffrey Chaucer, karani wa forodha ya sufu. Wakaenda moja kwa moja kwenye jumba la John wa Gaunt, Savoy, kando ya mto Thames, wakaliteketeza. Lakini walipeana amri: hakuna kuiba, tumekuja kuadhibu, hatukuja kupora. Mmoja aliyejaribu kutoroka na chombo cha fedha, wenzake wakamrusha motoni na chombo chake. Gaunt mwenyewe alikuwa mbali, mpakani na Scotland, ndiyo pona yake.

#7 Mbishi wa Kijiweni

Hapo sasa. Hawa walikuwa na nidhamu kuliko serikali yenyewe. Mfalme yuko wapi muda wote huo?

#8 Nahodha Mchovu

Yuko kwenye ngome ya Mnara wa London, anaangalia moto dirishani, na watu wazima waliomzunguka hawana hata neno.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 14, kijana wa miaka 14 akapanda farasi kwenda Mile End kukutana na wakulima. Walimpigia magoti. Chuki yao haikuwa kwake, ilikuwa kwa washauri wake. Kwao mfalme alikuwa mtoto mwema aliyezungukwa na wezi. Wakataka utwana ufutwe, ardhi ikodishwe peni 4 kwa ekari, na wote wasamehewe. Akakubali. Makarani wakaketi palepale kuandika hati, zikapigwa muhuri, vijiji vikagawiwa. Watu wengi wakaanza safari ya kurudi makwao wamekumbatia karatasi.

Huku nyuma kundi lingine likaingia ndani ya Mnara. Wakamtoa Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury na Chansela, yaani waziri mkuu wa mfalme na mtunza muhuri wake, pamoja na mweka hazina Robert Hales, wakawakata vichwa kilimani pale nje. Fuvu la Sudbury bado lipo, limehifadhiwa kanisani kwenye mji wa Sudbury, kule Suffolk.

Jumamosi, Smithfield, uwanja wa kuuzia mifugo. Wat Tyler akasogea peke yake juu ya farasi mdogo, akashuka, akamshika mfalme mkono, akautikisa kwa nguvu, akamwita ndugu. Akaongeza madai: mabwana wote wafutwe abaki mfalme tu, mali za kanisa wagawiwe watu. Kulikuwa na joto kali. Akaagiza maji, akasukutua mdomo na kutema mbele ya mfalme, kisha akaagiza pombe, akaigugumia, akapanda farasi wake. Palepale likazuka zogo, Meya wa London, William Walworth, akamchoma Tyler, mwingine akamalizia kwa upanga.

Upande wa pili wa uwanja maelfu ya watu wamekunja pinde. Hawajaelewa vizuri kilichotokea. Mshale mmoja ukiruka, hakuna atakayebaki. Richard akapiga farasi wake mateke, akatoka mbele peke yake, akawaambia mimi ndiye kiongozi wenu, nifuateni. Na wakamfuata hadi mashambani nje ya mji!

#9 Chaupele

Miaka 14? Mimi nikiwa na miaka 14 nilikuwa naogopa kutumwa dukani usiku.

#10 Mama Vitumbua

Basi si ni shujaa huyu. Mbona unamsema vibaya?

#11 Nahodha Mchovu

Subiri mama. Tarehe 2 Julai, wiki mbili tu baadaye, hati zote za Mile End zikafutwa. Wajumbe wa Essex walipokuja kuuliza ahadi imekuwaje, mwandishi wa habari za wakati ule, mtawa Thomas Walsingham, anasema jibu la mfalme lilikuwa kwamba watwana mlikuwa na watwana mtabaki, tena kwa hali mbaya kuliko ya kwanza. Tarehe 15 Julai John Ball akanyongwa na kukatwa vipande pale St Albans, mfalme akiwepo.

Kwa maoni yangu somo la hatari alilipata hapo. Alijifunza kwamba ukitokea mbele ya watu na sura ya mfalme, ukasema neno, wanapiga magoti. Na ukilirudisha neno mfukoni kesho yake, hakuna kinachotokea.

#12 Mbishi wa Kijiweni

Napinga. Mtoto wa miaka 14 hafuti hati. Baraza lilimwandikia asome. Na makabaila wote bungeni walipoulizwa kama watwana waachiwe, wakasema ng'o. Usimtwishe mtoto dhambi za wazee.

#13 Nahodha Mchovu

Hoja nzito na nakupa nusu yake. Bunge la Novemba 1381 kweli lilikataa katakata. Lakini nikisema nusu namaanisha nusu, maana jinsi atakavyotumia hati na mihuri akiwa mtu mzima utaiona mwenyewe.

Niende haraka miaka ya kati. Januari 1382 akamuoa Anne wa Bohemia, wote wana miaka 15. Wengine walinung'unika kwamba bibi harusi hakuja na mahari ya maana na mfalme ndiye aliyetoa hela kumpata. Lakini walipendana kweli. Kisha Richard akaanza kujaza marafiki zake vyeo. Robert de Vere, kijana mwenzake, akapandishwa hadi Duke wa Ireland. Bunge la 1386 likataka Chansela wake aondolewe. Jibu la Richard: sitamfukuza hata kijana wa kuosha vyungu jikoni kwangu eti kwa sababu nyinyi mmetaka.

Mwaka uliofuata makabaila watano wakachukua silaha. Baba yake mdogo, Thomas Duke wa Gloucester; Earl wa Arundel; Earl wa Warwick; na vijana wawili, Thomas Mowbray na Henry Bolingbroke. Bolingbroke ni mtoto wa John wa Gaunt, binamu wa mfalme, umri wao sawa. Desemba 1387 wakalisambaratisha jeshi la de Vere pale Radcot Bridge. De Vere akakimbilia ng'ambo, hakurudi tena akiwa hai. Mwaka 1388 wakaitisha bunge ambalo historia imelibatiza Bunge Lisilo na Huruma, wakawahukumu kifo watu wa mfalme mmoja baada ya mwingine.

Mmoja wao ni Simon Burley. Yule aliyembeba mtoto mabegani. Malkia Anne alipiga magoti mbele ya Arundel kumwombea mzee huyo. Akaambiwa ajiombee mwenyewe na mumewe. Burley akakatwa kichwa Mei 1388.

#14 Karani Mstaafu

Hiyo haisameheki. Mlezi ni mzazi.

#15 Nahodha Mchovu

Na hakusamehe mzee wangu, ila alijua kusubiri. Mei 1389 aliingia kwenye baraza, akawauliza nina umri gani? Wakajibu 22. Akasema basi mimi ni mtu mzima, kila mwenye umri huu nchini anasimamia mali yake, nami nitasimamia yangu. Miaka minane akatawala kwa utulivu. Ukikisoma kipindi hicho peke yake utasema huyu ni mfalme wa maana.

Na alikuwa na jicho la uzuri. Paa la mbao la Westminster Hall, lililoanza kutengenezwa miaka ya 1390 na fundi seremala Hugh Herland, bado liko juu hadi leo bila nguzo hata moja katikati. Kuna picha ndogo ya mbao ya milango miwili, ipo National Gallery, London: Richard amepiga magoti mbele ya Bikira Maria, na malaika 11 waliomzunguka Mama wa Mungu wote wamevaa beji ya paa mweupe. Beji hiyo ni ya Richard! Yaani kwa picha ile hata malaika ni wa chama chake.

#16 Mama Vitumbua

Nahodha usitupitishe jikoni. Alikuwa anakula nini?

#17 Nahodha Mchovu

Nilijua utauliza. Wapishi wake walikusanya kitabu cha mapishi, kama mwaka 1390 hivi, mapishi karibu 200. Tangawizi, mdalasini, zafarani, karafuu, lozi, mchele. Ungeingia jikoni kwake ungejua pa kuanzia. Karafuu zile lakini si za Unguja. Mikarafuu kwetu imeletwa karne ya 19. Zake zilitoka visiwa vya Moluku, mkono kwa mkono hadi London, ndiyo maana zilikuwa chakula cha wafalme.

Tuendelee. Juni 1394 Anne akafa kwenye jumba la Sheen. Richard akaamuru jumba hilo libomolewe, hakutaka kuliona. Kwenye mazishi Arundel, yuleyule aliyempigisha malkia magoti, akachelewa, na alipofika akaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Mfalme akanyakua fimbo mkononi mwa mhudumu, akamtwanga nayo kichwani hadi damu ikamwagika ndani ya Abbey. Ibada ikasimama mpaka kanisa litakaswe upya.

Baada ya hapo unamwona anabadilika. Mwandishi mmoja anasema siku za sikukuu alikuwa anaketi kwenye kiti cha enzi tangu baada ya chakula hadi masifu ya jioni, haongei na mtu. Anaangalia tu. Jicho lake likikuangukia, unapiga goti.

#18 Chaupele

Hii inatisha kuliko vita.

#19 Nahodha Mchovu

Julai 1397 kiporo kikapashwa moto. Alikwenda yeye mwenyewe hadi Pleshey, nyumbani kwa baba yake mdogo Gloucester, akamkamata. Arundel na Warwick wakakamatwa pia. Gloucester akapelekwa Calais, na kabla hajafikishwa mbele ya bunge ikatangazwa amekufa. Aliuawa kimyakimya. Arundel akakatwa kichwa Septemba, mahali palepale karibu na Mnara. Warwick akalia bungeni akaomba huruma, akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Man. Msamaha waliopewa miaka ya nyuma, wenye muhuri wa mfalme, ukafutwa. Mbishi, unaona mtindo?

Bunge lenyewe lilikaa huku wapiga mishale wa mfalme kutoka Cheshire wamelizunguka. Jamaa hao walimzoea kiasi cha kumwita Dikoni, jina la utani la Richard, wakimwambia lala salama, sisi tuko macho. Mfalme asiyetaka kutazamwa machoni na makabaila anaitwa jina la utani na walinzi!

Kisha hati tupu. Kaunti 17, zikiwemo London na jirani zake, zililazimishwa kuweka lakiri kwenye karatasi zisizo na maandishi. Mfalme angejaza baadaye anachotaka. Kila aliyewahi kusainishwa karatasi tupu na mwajiri au mkopeshaji anajua usingizi unavyokuwa baada ya hapo.

Walibaki wawili wa wale watano, Mowbray na Bolingbroke. Mowbray akamnong'oneza mwenzake kwamba zamu yetu inakuja. Bolingbroke akayafikisha maneno hayo kwa mfalme, Mowbray akakana, ikaamuliwa wapigane hadharani Mungu aamue. Tarehe 16 Septemba 1398, Coventry, umati umefurika, wapiganaji wako juu ya farasi na mikuki, Bolingbroke ameshaanza kusogea. Richard akatupa fimbo chini: simamisheni. Kwa muda wa saa mbili watu wanasubiri juani. Hukumu: Mowbray uhamishoni maisha, Bolingbroke miaka 10. Lakini Bolingbroke akapewa hati: baba yako akifa ukiwa nje, mawakili wako watapokea urithi kwa niaba yako.

Februari 1399 John wa Gaunt akafa. Tarehe 18 Machi hati ile ikafutwa, uhamisho ukawa wa maisha, na mali za Lancaster, majumba na mashamba yaliyotapakaa karibu nchi nzima, zikashikwa na mfalme.

#20 Karani Mstaafu

Hapo kajimaliza. Watu watavumilia kodi, watavumilia hata vichwa vya wakubwa kukatwa. Shamba la marehemu aliloacha kwa mwanawe huligusi.

#21 Nahodha Mchovu

Na baada ya kuligusa, akafanya nini? Akasafiri! Mwisho wa Mei akaenda Ireland na jeshi lake, ulinzi wa nchi akamwachia baba mdogo mwingine, Edmund Duke wa York, mzee mpole asiyependa ugomvi. Mwanzoni mwa Julai Bolingbroke akatua Ravenspur, pwani ya Yorkshire, na wafuasi wachache. Akatangaza amefuata urithi wa baba yake tu. Kila alipopita watu wakaongezeka. Mzee York naye akamwona ana haki, akampisha.

Richard alichelewa kuvuka bahari. Alipofika Wales, jeshi lake likayeyuka kama barafu kwenye sinia. Akaishia ngome ya Conwy na watu wachache. Earl wa Northumberland akaja kama mjumbe, akaapa juu ya Sakramenti kwamba mfalme atabaki mfalme. Richard akatoka. Njiani, nyuma ya kilima, askari walikuwa wanamngoja. Aliyezoea kufuta ahadi zake akafutiwa.

Akapelekwa Flint. Mfaransa mmoja, Jean Creton, alikuwa naye siku zile na ameandika alichokiona: Richard amepanda ukutani, anaangalia jeshi la binamu yake likija ufukweni, limejaa mchanga wote. Bolingbroke alipoingia akainama hadi chini mara mbili, akasema amekuja kabla ya kuitwa, watu wanalalamika wametawaliwa vibaya, na yeye atamsaidia mfalme atawale vizuri zaidi. Kwa heshima zote!

#22 Mbishi wa Kijiweni

Kuna ile ya mbwa nimewahi kuisikia. Ni kweli?

#23 Nahodha Mchovu

Anaisimulia Froissart, mwandishi wa historia wa zama hizo, ambaye hakuwepo, kwa hiyo ichukue kama hadithi. Anasema Richard alikuwa na mbwa wa kuwinda aitwaye Mathe, hakuwahi kumfuata mtu mwingine. Siku hiyo uani Flint mbwa akampita mfalme, akaenda kumwekea Bolingbroke miguu mabegani. Nami sina ushahidi, lakini ningekuwa mwandishi wa wakati ule ningeiweka tu.

Chenye shahidi ni hiki. Tarehe 21 Septemba mwanasheria Adam wa Usk alikuwepo Richard akila chakula kizuizini ndani ya Mnara. Akamsikia akilalamika kwamba hii ni nchi ya ajabu na kigeugeu, imefukuza na kuua wafalme wengi mno, akaanza kuwataja mmoja mmoja. Babu wa baba yake, Edward wa Pili, alivuliwa taji mwaka 1327, kwa hiyo alijua anachosema.

Siku tisa baadaye, tarehe 30 Septemba, akavuliwa. Yalisomwa mashtaka 33. Mojawapo: kwamba alisema sheria za nchi zimo kinywani mwake, au pengine kifuani mwake. Urithi wa Lancaster nao umo kwenye orodha. Bolingbroke akawa Henry wa Nne. Januari 1400 wafuasi wa Richard wakajaribu kumrudisha, wakashindwa, na jaribio hilo ndilo lililomchimbia kaburi. Mwezi uliofuata akafa kwenye ngome ya Pontefract, kwa njaa kama wengi wanavyoamini. Alikuwa na miaka 33.

#24 Chaupele

Shakespeare si ana tamthilia yake? Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huyu akamruka.

#25 Nahodha Mchovu

Anayo ndiyo. Ndani yake Richard anauawa kwa silaha akipigana. Lakini kaburi lilipofunguliwa mwaka 1871 fuvu halikuwa na alama ya pigo lolote. Henry alihakikisha maiti inapitishwa hadi London uso ukiwa wazi, watu waone kwa macho, na bado kwa miaka mingi kulikuwa na mtu Scotland anatunzwa kama Richard aliye hai. Kwanza alizikwa Kings Langley. Mwaka 1413 Henry wa Tano, mtoto wa yule aliyempindua, akamhamishia Westminster, kando ya Anne. Sanamu zao za shaba juu ya kaburi Richard alishaziagiza mwenyewe, zikiwa zimeshikana mikono.

#26 Mama Vitumbua

Walau alilala na mkewe. Wakamwacha apumzike?

#27 Nahodha Mchovu

Hata. Ubavuni mwa kaburi palikuwa na matundu, watu wakawa wanaingiza mikono kama mtu anayetafuta chenji chini ya kochi. Mwaka 1766 mwanafunzi wa shule ya jirani akachomoa taya la mfalme, akaondoka nalo. Likakaa kwenye familia yake, baba anamwachia mtoto, mpaka 1906 walipolirudisha.

#28 Karani Mstaafu

Miaka 140. Na katika ukoo huo wote hakuna aliyezuiliwa urithi.